Gauni Lililopimwa kwa Macho

Gauni la kwanza nililomshonea mama mkwe wangu lilimbana kwapani. Nilijua litambana hata kabla sijamaliza kukata kitambaa, kwa sababu nilikuwa nimempima kwa macho. Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda changu karibu na soko kuu la Songea, na mteja mwingine yeyote akija namzungushia futi kamba begani, kifuani na kiunoni mpaka niridhike. Lakini mama mkwe hapimwi. Katika ukoo wa mke wangu, Wangoni wa Madaba wasiopenda mzaha katika mambo hayo, mkwe wa kiume hampi mkono mama mkwe wake. Hakai naye mkeka mmoja wala hali naye sahani moja, na wakikutana njiani yeye ndiye anayepisha, anainama kidogo na kusalimia kwa mbali. Sasa mtu wa namna hiyo utamfikia na futi kamba saa ngapi?

Basi nilisimama upande wa pili wa uwanja wao, nikamtazama kwa kuibia, nikakadiria. Alilivaa gauni lile kanisani Jumapili nzima, mikono ameiachanisha na mbavu kama kuku anayetafuta hewa wakati wa joto, halafu akanitumia salamu kupitia kwa binti yake: "Mwambie mumeo ameshona vizuri sana, ila mikono ameishona ya mtu mwingine."

Niliapa kwamba nitamshonea la pili. Miaka ikapita, watoto wakazaliwa, kitenge nilichomnunulia kikakaa kwenye rafu ya kibanda kikingoja siku ambayo ningepata ujasiri au vipimo. Nilikuwa nikikikung'uta vumbi na kukirudisha.

Mwaka mmoja mke wangu alikuwa amejifungua mtoto wetu wa mwisho, na mama mkwe alikuwa akijiandaa kuja kumwona mjukuu. Ilikuwa katikati ya mvua. Alitoka shambani na karai la mahindi mabichi kichwani, akateleza kwenye mteremko nyuma ya nyumba yake. Mahindi hayakumwagika mengi, alitusimulia baadaye kwa fahari, ila mfupa wa muundi ulivunjika. Wakamleta Songea, kwenye hospitali moja ambayo sina sababu ya kuitaja, wakampasua na kumwekea chuma. Upasuaji ulikwenda vizuri. Tulishukuru Mungu, tukaanza zamu za kupeleka chakula.

Hapa lazima niwaeleze namna watu wa ukoo ule wanavyokwenda kumwona mgonjwa, maana bila hilo hamtaelewa kilichofuata. Kwao ni aibu kuingia wodini na kwenda moja kwa moja kwa mgonjwa wako, kana kwamba wengine ni magogo. Unaanzia kitanda cha mlangoni. Unampa mgonjwa mkono, unaushika kwa mikono yako miwili, unasema pole, unauliza anaumwa nini na ametokea wapi, unamgusa pale panapouma kidogo ili ajue umesikia. Ukimaliza unahamia kitanda kinachofuata. Mgonjwa wako unamfikia mwisho, ukiwa umeshawafariji wote, na yeye anakungoja bila kinyongo kwa sababu ndivyo alivyofundishwa.

Bingwa wa salamu hizo alikuwa shangazi wa mke wangu, wifi yake mama mkwe. Yule mama aliweza kumaliza saa yote ya kuona wagonjwa akiwa bado yupo katikati ya wodi. Aliwafahamu wote, ndugu zao na mashamba yao. Wagonjwa wengine ambao hawakuwa na watu mjini walikuwa wakimsubiri yeye.

Kidonda cha mama mkwe kilianza kuwa chekundu. Halafu kikawa cha moto, halafu kikaanza kutoa maji, na baadaye usaha. Wakambadilishia dawa. Homa ikapanda usiku na kushuka asubuhi. Wakambadilishia tena. Daktari wake alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya chini na miwani aliyoifunga kwa kamba shingoni. Alituambia wamechukua usaha na kupeleka maabara kuuotesha, kama mtu anavyootesha mbegu kitaluni, ili waone ni vimelea gani na vinakufa kwa dawa ipi.

Majibu yalipotoka aliniita mimi, kwa kuwa mke wangu alikuwa nyumbani na kichanga. Tulisimama kwenye mlango wa wodi. Aliniambia kwamba vimelea vile ni sugu. Dawa karibu zote zilizokuwa kabatini vilikuwa vimeshazizoea, na kumwongezea dozi ilikuwa sawa na kumwagia maji mgongo wa bata.

"Imebaki sindano ya aina moja," alisema. "Hapa mjini haipo, tumeshaiagiza Dar es Salaam. Tutamsafisha kidonda tena theatre, tutampa hiyo. Isipomshika, baba, itabidi tumkate mguu chini ya goti, ili tusimpoteze yeye mwenyewe."

Nilimuuliza vimelea hivyo amevitoa wapi. Nilidhani atasema shambani, matopeni.

"Hakuja navyo kutoka Madaba," alisema. "Amevipata hapa hapa kwetu."

Nilikasirika. Mimi ni mtu mpole kwenye cherehani, lakini siku ile sauti ilinitoka mpaka nesi akageuka. Nilimwambia sisi tumeleta mfupa uliovunjika, hatukuja kuchukua ugonjwa mwingine. Daktari hakujitetea. Alinionyesha chupa ya dawa ya kutakasa mikono iliyotundikwa ukutani, akaibonyeza, haikutoa kitu.

"Hapo kuna kosa letu," alisema. "Haya mambo yanatembea kwa mikono. Yetu tunaotoka kitanda hiki kwenda kile, na yenu."

Nilitaka kumuuliza yetu imefanya nini. Lakini kengele ya kuona wagonjwa ikalia, na shangazi akatupita pale mlangoni na hotpoti lake, akatusalimia vizuri, akaingia. Daktari akanigusa kiwiko. "Hebu mwangalie," alisema.

Shangazi alianza na kitanda cha kwanza. Alimshika mkono binti aliyeungua, akambonyeza kidogo juu ya bandeji, akamwonea huruma. Akahamia kwa bibi mwenye kidonda cha mgongoni, akamsaidia kugeuka. Aliyefuata alikuwa anatokwa jasho, akampangusa kwa ncha ya kanga yake. Kitanda kwa kitanda, bila haraka, na kila mtu akitabasamu anapofikiwa. Mwisho akafika kwa wifi yake, akaushika mkono wake kwa mikono miwili, kisha akainama na kumwekea sawa bandeji ya mguuni iliyokuwa imelegea, akapangusa na kidonda pembeni kwa ile ile ncha ya kanga.

Kwa miaka yote niliyooa katika ukoo ule sikuwahi kuona mtu mwenye adabu kuliko yule mama, na adabu yake yote nilikuwa naiona inatembea kutoka kidonda hadi kidonda. Daktari alisema wagonjwa wengine wa safu ile nao walikuwa wamekutwa na vimelea vile vile. Hakusema ni shangazi aliyevieneza, na mimi sisemi hivyo hadi leo. Inawezekana kabisa ni shangazi aliyevipokea kutoka kwa mwenye koti jeupe. Ila hasira yangu ilikosa mahali pa kukaa.

Mama mkwe akahamishiwa chumba cha pembeni, peke yake. Nesi mkuu wa wodi, mwanamke mfupi mwenye mwendo wa kijeshi, akatusomea masharti. Anaingia mtu mmoja, anavaa glovu na aproni, hakai kitandani, akitoka anavua na kunawa kwa sabuni. Mke wangu asikanyage kabisa kwa sababu ya mtoto. Shangazi akasema ameelewa, yeye ndiye atakayemuuguza wifi yake.

Aliuguza asubuhi moja tu. Aliingia na glovu zake, akamlisha wifi yake uji, akampa pole, kila kitu kama alivyoagizwa. Kisha akatoka na glovu zile zile mkononi, na kwa kuwa aliambiwa glovu ni kinga, akaona sasa ana ruhusa. Akaizunguka wodi nzima akisalimia. Nesi mkuu alipomwona alikuwa amefika kitanda cha sita au cha saba.

"Mama, unafanya nini?"

"Nasalimia, mwanangu. Usiogope, nimevaa."

Nesi alikaa kwenye benchi, akafunika uso. Sijui alikuwa analia au anacheka, nadhani vyote viwili. Shangazi akarudishwa nyumbani kwangu, akapewa kazi ya jikoni, na akakaa na uchungu wa kweli, kwa sababu hakuna aliyeweza kumweleza kwa nini upendo wake umekataliwa mlangoni.

Jioni ile nesi mkuu alinipigia simu. Alisema wao watamwogesha na kumfunga kidonda, ila wanahitaji ndugu mmoja wa kuleta chakula na kukaa karibu, kwani mama ameanza kukata tamaa, hataki kula, amegeukia ukutani. "Lakini nataka mtu asiyegusagusa," alisema. "Mtu wa kusimama kwa mbali na kutulia. Ukoo wenu mnaye?"

Nilimpelekea mke wangu maneno yale. Alikuwa hajacheka tangu majibu yatoke. Alinitazama, akaanza kucheka hadi akamwamsha mtoto.

"Mbona yupo," alisema. "Amefanya mazoezi miaka yote hii."

Ndivyo nilivyopata kazi ya kumuuguza mtu nisiyeruhusiwa kumsogelea. Niliweka stuli kwenye korido, nje ya mlango wa chumba cha pembeni, nikakaa kiubavu, uso nimeuelekeza ukutani kama heshima inavyotaka. Nilikuwa nafika mchana nikiwa nimefunga kibanda, na ugali na likolo, mboga za majani zilizoungwa karanga jinsi anavyozipenda, au dagaa wa Nyasa. Nesi alipokea mlangoni akampelekea. Mimi nikabaki pale.

Siku za mwanzo tulizungumza kupitia kwa nesi.

"Nesi, muulize baba kama Madaba mvua bado inanyesha," ilitoka sauti chumbani. Anaponitaja huniita baba, kwa heshima, na mimi humwita mama.

"Nesi, mwambie mama inanyesha."

"Nyie watu," nesi alisema, "hapa katikati yenu kuna hatua chache tu. Mnasikiana."

Tuliona haya wote wawili. Kisha mama mkwe akasema, kwa sauti ndogo, kwa ukuta, "Na mahindi yangu?" Nikajibu, kwa ukuta wangu, kwamba mashemeji wanayaangalia. Ukiacha salamu za mbali, hayo yalikuwa maneno yetu ya kwanza ya moja kwa moja tangu nimuoe binti yake.

Baada ya hapo hakunyamaza tena. Sikujua kwamba yule mama ni msemaji kiasi kile. Alinisimulia alivyonikataa mwanzoni, kwa kuwa mimi ni Mmatengo wa Mbinga na aliambiwa Wamatengo wanapenda milima kuliko wake zao. Alinisimulia mume wake marehemu, ambaye alikoroma mpaka mbuzi wakahama zizi. Nilicheka pale koridoni peke yangu, na wapita njia wakanitazama kwa huruma wakidhani nimechanganyikiwa kwa msiba. Akaanza kula. Nesi alikuwa ananionyesha sahani tupu kama mtu anayeonyesha samaki aliyemvua.

Daktari alimweleza kwamba mgonjwa ana haki ya kumuuliza mtu yeyote kama amenawa mikono. Ingekuwa heri asingemwambia. Mama mkwe aliichukua ile haki kama cheo. Nesi akiingia, "Umenawa?" Wa maabara akiingia, "Umenawa?" Siku moja alikuja mkubwa fulani na msafara wake kukagua wodi, akaingia na mkono ameshaunyoosha kumsalimia bibi. Nilisikia sauti ile ikimuuliza kwa upole wote wa Kingoni, "Baba, shikamoo yako haihitaji mkono. Umenawa?" Msafara mzima ukarudi koridoni kupanga foleni kwenye chupa ya ukutani, ambayo siku hizo haikukauka tena.

Lakini mguu ulikuwa haujapona, na sote tulilijua hilo. Sindano ilifika na basi la kutoka Dar es Salaam. Wakapanga kumsafisha kidonda tena, na daktari akasema akishafungua ataamua: kama uozo umeshuka kwenye mfupa atakata, kama haujashuka atampa dawa ifanye kazi. Asubuhi hiyo nilifika mapema. Chumbani palikuwa kimya mpaka nikafikiri wameshamchukua.

"Baba," alisema hatimaye. "Kile kitenge changu bado unacho?"

Sikujua kama aliwahi kusikia habari za kitenge. "Ninacho, mama."

"Wakiukata mguu, gauni utalishonaje?"

Mimi si mtu wa maneno. Nilitazama ukuta, nikaona rangi imebanduka mahali. "Nitashona la miguu miwili, mama," nilisema. "Sijui kushona lingine."

Alicheka kidogo. Kisha akasema anaogopa. Akalisema tu, neno moja, bila kulizungusha. Wakaja kumchukua, nikasimama na kuinama wakati machela inapita, kama ninavyopisha njiani. Halafu nikaenda nyuma ya jengo, wanapoanika mashuka, nikalia. Nilimpenda yule mama, na sikuwa na ishara hata moja ya kumwonyesha zaidi ya kukaa mbali naye.

Alirudi na miguu miwili. Daktari alitoka akiwa amevuta barakoa kidevuni, akasema mfupa bado safi, sasa tuiachie sindano. Tuliiachia. Homa ilishuka, ikapanda siku moja tukakosa raha, ikashuka na kukaa huko. Kidonda kikaanza kuwa na nyama nyekundu yenye afya. Wakaotesha tena, mara hii hapakuota kitu. Nilikuwepo daktari alipomwambia: "Mama, mguu ni wako." Mama mkwe akamshukuru sana, kisha akamuuliza kama amenawa.

Tulimtoa wakati wa baridi, mahindi yakiwa yameshavunwa, siku chache kabla ya ubatizo wa mjukuu. Ukoo wote wa Madaba ulijaa uani kwangu. Walikuja na mikono iliyokaa muda mrefu bila kumshika, kila mtu anataka kuwa wa kwanza. Lakini getini waliikuta ndoo ya koki, sabuni, na shangazi. Mama mkwe alikuwa amemweleza mwenyewe, wifi kwa wifi, mambo ambayo daktari na nesi walishindwa kumweleza, na shangazi alikuwa ameyashika kama alivyozishika salamu. "Sugua na katikati ya vidole," aliwaambia wazee wa heshima. "Kucha pia. Pole sana, ila sugua." Aliyenawa alipita, akapewa mkono wa mgonjwa, ukashikwa kwa mikono miwili jinsi inavyotakiwa.

Mimi nilikuwa upande wa pili wa uwanja, mahali pangu, nimesimama karibu na banda la kuku. Yeye alikaa kwenye kiti, fimbo mapajani. Salamu zilipopungua akageuka akanitazama moja kwa moja.

"Baba," aliita. "Nawa mikono, uje na kamba yako ya kupimia."

Shangazi alisogea akamwambia polepole, lakini sote tukasikia, "Wifi, huyo ni mkwe."

"Najua ni mkwe. Amekaa mlangoni kwangu tangu mvua mpaka baridi. Gauni la pili sitaki lipimwe kwa macho."

Wazee walitazamana. Mmoja akakohoa, akaangalia kikombe chake cha togwa, na kwa kuwa hakuna aliyesema hapana, nikaenda kwenye ndoo. Nilinawa hadi viwiko, shangazi amenisimamia, akanirudisha nisugue tena vidole gumba. Kisha nikavuka uwanja.

Alisimama kwa fimbo, peke yake. Nilimpima bega. Nilimpima mkono, na nikaona jinsi nilivyokosea ule mwaka wa kwanza, maana ana mikono ya mtu aliyelima maisha yake yote. Nilipofika kwenye urefu nikashusha futi kamba mpaka kwenye kifundo cha mguu, kama wanavyovaa mama wote wa umri wake. Akainama, akaishika kamba, akaipandisha mpaka chini kidogo ya goti.

"Ishie hapa," alisema.

"Wifi, hilo ni fupi," shangazi alisema. "Kovu lote litakuwa nje."

"Na liwe nje. Mguu huu nimeuhangaikia, nataka waje wauone."

Nilipiga magoti mbele yake, kovu likiwa karibu na uso wangu, refu, limekauka, na nikasoma kipimo. Ilibidi nikisome mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza macho yalikuwa yamejaa machozi na sikuona namba.